Myao Aliyelala Maiti Juu ya Meza Yangu

Siku ya tatu baada ya mama yangu kuzikwa kwetu Songea, mwanaume mzima mwenye shahada mbili alipanda juu ya meza yangu ya kazi jijini London, akalala chali katikati ya skrini zangu mbili, akajifunika koti langu mpaka kidevuni, akafumba macho, kisha akatangaza kwa Kiswahili kwamba yeye ndiye marehemu mama yangu na hainuki hapo mpaka apewe kuku.

Ilikuwa asubuhi ya siku ya kazi. Masoko yalikuwa yamefunguliwa. Watu wa ghorofa nzima waliacha simu zao ziite.

Mtu huyo ni Rashidi, Myao wa Tunduru, na alichokuwa anakifanya ni wajibu wake kamili kwangu mimi Mngoni. Ni mtani wangu. Wajibu huo ulikaribia kumnyang'anya ajira, kibali cha kuishi Uingereza, na ruhusa ya kufanya kazi ya fedha popote pale. Nasema ulikaribia kwa tahadhari, kwa sababu jambo lenyewe halijaisha. Mimi nimestaafu, lenyewe bado liko kazini.

Nayaandika haya kwa ajili ya vijana wa mabenki ya hapa mjini Songea wanaokuja nyumbani kwangu Bombambili siku za Jumapili, mashati yamepigwa pasi mpaka yanakaribia kukatika, wakiniuliza: "Shangazi, na sisi tufanyeje tufike kule?" Wanachotaka hasa ni habari za mishahara na vyeo. Hayo sitayaandika. Mishahara iliishia kwenye kodi ya nyumba, na kadi zilizoandikwa vyeo vyangu nawekea alama kwenye kitabu cha nyimbo za kanisani. Zina ukubwa unaofaa.

Nilianzia hapahapa Songea, kwenye tawi la benki lenye feni moja, na feni hiyo ilimwelekea meneja. Mwalimu wangu wa kwanza alikuwa Mzee Winfrid, afisa mikopo mwenye miguu mirefu na pikipiki fupi. Siku ya kwanza nilimkuta nje anaukagua mnyororo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Una viatu vingine?"

"Sina. Ndiyo hivi."

"Basi uviage. Tunakwenda Namtumbo."

Tulikuwa tunakwenda kukagua wakulima wa tumbaku walioomba mikopo. Kisigino kimoja nilikiacha njiani, na cha pili nilikivunja mwenyewe ili nisichechemee. Tulipofika, Mzee Winfrid hakumuuliza mkulima hata swali moja juu ya shamba lake. Alimuuliza juu ya shamba la jirani. Mkulima akaeleza kwa furaha jinsi jirani yake alivyochelewa kupalilia, alivyoibiwa mbolea, na jinsi bani lake la kukaushia majani lisivyowahi kuona moto mwaka mzima. Kisha tukaenda kwa jirani, tukamuuliza juu ya yule wa kwanza. Kufika jioni tulikuwa na picha ya kijiji kizima, na hakuna aliyelazimika kusema uongo juu yake mwenyewe.

"Mtu kujisema ni kazi ngumu," Mzee Winfrid aliniambia tukirudi, upepo unamkatakata maneno. "Mpunguzie. Muulize ya mwenzake."

Mbinu hiyo niliitumia London mpaka siku ya mwisho. Mmiliki wa meli za mafuta na mkulima wa tumbaku wa Namtumbo hawatofautiani hata kidogo linapokuja suala la kuusema ukweli wa jirani.

Ufadhili wa masomo ndio ulionitoa. Nilisoma Uingereza, na nilipomaliza nikaingia kwenye mashindano ya kutafuta nafasi ya mafunzo katika kampuni moja kubwa ya mikopo. Nasema mashindano kwa maana yake halisi. Walitufungia sita chumbani, wakatupa magazeti ya zamani na gundi, wakasema tujenge daraja. Wenzangu watano walianza kuongoza wote kwa pamoja. Mimi nilikata magazeti, kwa kuwa hakukuwa na mtu mwingine wa kuyakata. Daraja lilianguka, na tukapita wawili: aliyesema sana kuliko wote, na mimi niliyekuwa na mkasi.

Kwenye usaili wa mwisho wakaniuliza kwa nini wanichague mimi wawaache wenzangu. Nikajibu kwamba sijui, kwani wenzangu sijawahi kuwaona wakifanya kazi. Wakatazamana, wakaandika. Baadaye niliambiwa kwamba jibu hilo lilionyesha upeo wa hali ya juu katika kupima taarifa. Ukweli ni kwamba nilikuwa na njaa.

Siku ya kwanza kazini nilifanya ambavyo ningefanya kwenye ofisi yoyote ya Songea. Nilipita meza moja hadi nyingine, nikampa kila mtu mkono, nikauliza habari za nyumbani na watoto. Ghorofa ilikuwa kubwa. Nilipofika mistari ya mwisho nikaona watu wananitazama kwa huruma, na mama mmoja wa makamo akanikumbatia, akasema ofisi itanikumbuka. Sikuelewa. Kule, kumbe, mtu hupita meza kwa meza akitoa mkono siku anayoacha kazi. Nilipokaa kwenye kiti changu na kuwasha kompyuta, baadhi yao waliona kama nimewadanganya.

Huyo mama aliyenikumbatia ndiye Clare. Meza yake ilipakana na yangu, na tulikaa hivyo miaka mingi. Mumkumbuke, na msimchukie atakapofanya atakachofanya. Clare alikuwa mtu mwema kupita kiasi.

Kazi yenyewe ilikuwa kuchambua wakopaji. Nitawapa kesi moja tu ngumu ili msije mkadhani nilikuwa hodari. Kiwanda kimoja cha sukari kilitaka mkopo, kikatualika kwenda kukiona. Wakati wenzangu wanapewa chakula cha mchana, mimi nilitoka nje, nikainua macho, nikaona juu ya bomba la moshi kuna kiota cha ndege, na ndege mwenyewe kakaa. Nikarudi na ripoti kali: kiwanda hiki hakijawashwa muda mrefu, tusikopeshe. Hatukukopesha. Kampuni nyingine ikakopesha na ikapata faida nzuri, kwa sababu bomba lile lilikuwa la zamani na jipya lilikuwa nyuma ya jengo. Kiwanda kinazalisha sukari mpaka leo. Mkikagua kitu, vijana, kizungukeni chote.

Rashidi alifika nikiwa nimeshazoea kukaa siku nzima bila kusikia Kiswahili. Nilikuwa kwenye mashine ya kahawa niliposikia nyuma yangu kile Kiswahili cha kusini kisicho na haraka.

"Samahani, dada. Nimeambiwa humu ndani kuna Mngoni."

Sikugeuka. "Anayeuliza ni nani?"

"Rashidi. Wa Tunduru."

"Myao?"

"Myao hasa."

"Mungu wangu. Nimevuka bahari na bado mmenifuata."

"Kukimbia si ndiyo kazi yenu? Babu zenu walitimua mbio toka kusini kabisa mwa Afrika kwa kumwogopa mtu mmoja, pumzi zikawaishia Songea, wakasema hapa ndipo kwetu."

"Na tulipofika tuliwakuta babu zako wamejificha juu ya miti. Tukakaa chini kuwasubiri. Shuka basi, Rashidi, vita vimekwisha."

"Nitashuka nikiona mmeweka mikuki chini."

Hapo ndipo nilipogeuka, tukapeana mikono na kucheka mpaka kahawa ikamwagika. Kwa wale mliokulia Dar na hamkufundishwa: babu zetu walipigana, kisha wakapatana, na katika kupatana wakaachiana ruhusa ya kutukanana bila kukasirikiana. Mtani anaweza kukutukana sokoni, kukunyang'anya kofia, kukuita mtumwa wake mbele ya wakwe. Na ukifiwa, mtani ndiye anayekuja kuuchezea msiba: analala kaburini kabla ya jeneza, anaigiza marehemu, anazuia shughuli mpaka apewe kitu. Pia ndiye anayefagia na kuosha vyombo wenyeji wakiwa hawajiwezi. Hakuna anayeomba kazi hiyo. Unazaliwa nayo.

Clare alikuwa amesimama na kikombe chake, anatabasamu.

"Mnafahamiana toka zamani?" akauliza.

"Hapana," nikasema. "Ndiyo kwanza tunakutana."

"Nilidhani mnagombana."

"Tunagombana," Rashidi akamjibu kwa Kiingereza kizuri sana. "Ukoo wake ulijaribu kuuangamiza ukoo wangu."

Clare akaweka mkono kifuani. Akatupa pole, wote wawili.

Tuliendelea hivyo kwa miaka. Asubuhi Rashidi akipita mezani kwangu atasema, "Watumwa wameamkaje?" nami nitajibu kwamba wameamka salama, wanasubiri bwana wao aoge. Wenzetu waliozoea kunong'onezana vyooni wakidhani hiyo ndiyo siasa ya ofisi walitutazama na kukaa mbali. Mkeo au mumeo hawezi kukusaidia kwenye kazi kama ile. Anayekusaidia ni mtu mwenye idhini ya kukwambia una sura ya mkopo usiolipika.

Kisha kaka yangu Kolumba akapiga simu. Mama alikuwa ameanguka jikoni asubuhi akikoroga uji, na hakuinuka.

Sikuweza kwenda. Kibali changu kilikuwa kinahuishwa na pasipoti yangu ilikuwa kwa watu wa uhamiaji, na watu wa uhamiaji hawana dirisha la misiba. Nilijaribu. Nilipigiwa muziki kwenye simu. Kolumba akanisimulia mazishi kwa sauti iliyokwisha: kwaya ya parokia iliyoimba, watu waliofika toka Madaba kwenye lori, na Myao mmoja fundi baiskeli aliyerukia kaburini akidai limechimbwa fupi, na hatatoka mpaka waongeze urefu au wamwongeze yeye pombe. Watu walicheka, Kolumba akasema. Hata padri aligeuka pembeni.

Nilikaa nyumbani siku mbili, mimi na friji. Siku ya tatu nikaenda kazini, kwa kuwa kazini angalau kulikuwa na kelele. Clare alinipa maua na kadi iliyosainiwa na watu ambao hawajawahi kunisalimia, kisha kila mmoja akaanza kutembea kwa vidole vya miguu karibu na meza yangu, kama vile mimi ndiye niliyekufa na nimelala.

Ndipo Rashidi akaja, akasukuma maua pembeni, akapanda.

"Kandida!" aliita kwa sauti ya kikongwe. "Mwanangu! Hata chai hunipi? Nimetembea toka Songea kwa miguu hii!"

"Mama yangu hakuwa na sauti ya mbuzi namna hiyo."

"Ni mafua. Makaburi yenu Wangoni ni mafupi. Miguu imebaki nje, nimepigwa baridi."

"Shuka, mtani. Nina kazi."

"Kazi! Mwanangu anapiga kibodi na mimi nimekufa! Ilete hapa." Akaivuta kibodi, akaiingiza chini ya koti. "Utaipata nikishapewa kuku. Mzima, wa kuchoma. Na awe wa halali. Najua nilikuwa Mkatoliki, lakini maiti hii inaswali."

Nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika printa nisianguke, na katikati ya kucheka kitu kikageuka, nikalia. Sikulia kwa leso kama nilivyoona wanavyolia wenyeji wa kule. Nililia kama nyumbani, mikono kichwani, sauti nje. Tangu simu ya Kolumba nilikuwa sijalia. Rashidi hakufumbua macho. Alisema tu, polepole, kwa sauti yake mwenyewe: "Lia vizuri, mtani. Ukimaliza ukanunue kuku."

Clare alikuwa ameshapiga simu kwa walinzi.

Aliyepanda kuja alikuwa Mzimbabwe mnene ambaye kila asubuhi nilimpa salamu getini. Alimtazama Rashidi, akanitazama mimi, akauliza kwa upole kama huyu ni mtu wa shughuli hii. Nikasema ndiye. "Amepewa anachodai?" Nikasema bado. Akafunga mikono kifuani na kusimama kando, akisubiri. Kumbe hata kwao mambo hayo yapo. Nikavuka barabara, nikanunua kuku kwenye duka la Mpakistani, Rashidi akamla akiwa amelala, mifupa akiirundika juu ya ripoti za robo mwaka. Alipomaliza akashuka, akanirudishia kibodi, akaifuta meza vizuri kwa maji na sabuni, akaosha vikombe vyangu vyote vilivyokuwa vimekaa tangu wiki iliyopita, akarudi kwenye kazi yake.

Mlinzi naye akarudi kwenye yake, na yake ilikuwa kuandika taarifa. Aliandika kwa uaminifu: mwanaume mmoja, mlalo, hana silaha, ameshikilia kifaa cha kampuni, anadai kuku kwa mfanyakazi anayelia, amepewa kuku.

Taarifa hiyo ndiyo iliyomponza.

Mashtaka yalikuwa matatu: kumdhalilisha mfanyakazi aliyefiwa, kushikilia mali ya mwajiri, na kujipatia manufaa kwa shinikizo. Mawili ya kwanza mtu anaweza kuponea kwenye onyo. La tatu, kwenye kazi ya fedha, ni kifo. Ukifukuzwa kwa kujipatia manufaa, mamlaka zinaarifiwa na hakuna mwajiri atakayekugusa. Kibali cha Rashidi kilikuwa kimefungwa kwenye ajira ile ile. Mkewe Zuhura alikuwa amefika toka Tunduru muda si mrefu, mja mzito, bado anavaa soksi mbili mbili.

Kamati ilikuwa ya watu watatu na mwenyekiti alikuwa mwanaume mpole mwenye kalamu ghali. Niliitwa kama mwathirika. Nikasema mimi si mwathirika.

"Ulilia," akasema.

"Nilifiwa."

"Ulilia baada ya yeye kupanda mezani."

"Ndiyo kazi yake."

Akaandika. "Uhusiano huu wa utani, mlikubaliana lini?"

"Hatukukubaliana. Babu zetu walipigana."

"Kwa hiyo ni mgogoro wa kikabila."

"Ulikwisha."

"Ulikwisha lini?"

"Ndipo utani ulipoanza."

Akaweka kalamu chini, akaichukua tena. Aliomba kanuni za utani kwa maandishi. Nikamwambia hazijaandikwa. Mjumbe wa kitengo cha maadili, binti mmoja makini sana, akauliza kama neno "kuku" lina maana yoyote katika biashara ya hisa, kama vile taarifa za siri za kampuni. Nikamjibu kwamba lina maana ya kuku. Akauliza kama ninaweza kuthibitisha. Rashidi, aliyekaa kando katika suti yake nyeusi, akasema kwa Kiingereza kwamba mifupa ilitupwa, lakini Wangoni hawatupi kitu, huenda mama huyu ameihifadhi. Nilicheka. Hakuna mwingine aliyecheka. Binti akaandika kwamba mtuhumiwa ameendelea na kosa mbele ya kamati.

Nikapata wazo. Niliomba wampigie simu kaka yangu, mkubwa wa familia, awaeleze kwamba familia haina kinyongo. Wakakubali, wakamtafuta mkalimani, Mkenya nadhifu aliyekula kiapo kwamba atatafsiri kila neno bila kuongeza wala kupunguza. Simu ikawekwa katikati ya meza. Kolumba alikuwa shambani. Nilisikia kuku wake, na nikaomba wengine wasiwasikie.

Mwenyekiti akauliza kama anafahamu kwamba Bwana Rashidi alidai kuku kwa ajili ya msiba wa mama.

"Kuku?" Kolumba akapaza sauti. "Kuku wangapi?"

"Mmoja."

"Mmoja! Kwa msiba wa mama yetu? Mama aliyezaa watoto saba? Yupo hapo huyo Myao?"

"Yupo," mwenyekiti akasema, kupitia kwa mkalimani.

"Rashidi, umetudhalilisha! Kuku mmoja! Angalau ungedai ng'ombe tukajua tumefiwa! Wazungu, nisikilizeni: huyo msimwachie. Mfungeni. Wayao wote wezi, walituibia hata ngoma zetu. Mkimfunga mnipe mimi mnyororo."

"Kolumba!" nikapiga kelele. "Hii ni kamati! Wanataka kumfukuza kazi kweli!"

Lakini mkalimani alikuwa ameapa, na alikuwa ameshafika nusu. Alitafsiri kwa sauti tulivu, neno kwa neno: kwamba familia ya marehemu inasema mtuhumiwa amewadhalilisha, kwamba fidia inayostahili ni ng'ombe, kwamba kabila lake lina historia ya wizi, na kwamba wanaomba azuiliwe. Kolumba alipoanza kujieleza, akigugumia, akiapa kwa Bikira Maria kwamba alikuwa anatania, mkalimani akayatafsiri na hayo. Mwenyekiti akauliza kama shahidi amebadilisha ushahidi kwa kushinikizwa na dada yake.

Kamati haikumfukuza Rashidi. Haikumwachia pia. Iliahirisha shauri ikisubiri maoni ya mtaalamu wa mila za kusini mwa Tanzania, na wakati tunasubiri, tukapewa masharti: mimi na Rashidi tusizungumze bila shahidi. Shahidi aliyeteuliwa ni Clare.

Kwa hiyo maskini Clare alikaa katikati yetu kila chakula cha mchana, akitafsiriwa matusi. Mwanzoni aliyaandika. Baadaye akawa anacheka kabla hatujamaliza kutafsiri. Siku moja akauliza, kwa aibu kidogo, kama na yeye anaweza kujiunga.

"Hapana," Rashidi akamwambia. "Ninyi mlitutawala. Hiyo ni idara nyingine."

Clare alikwenda mwenyewe kuomba mlalamikaji afutwe, yaani yeye. Akaambiwa kwamba alitoa taarifa tu, na mtoa taarifa hana mamlaka juu ya shauri. Mtaalamu wa mila hakupatikana. Kampuni ikaungana na nyingine, kamati ikavunjwa, mwenyekiti akahamia kwenye mashua yake, na shauri likahamishiwa kwenye kabati la wenye kampuni mpya likiwa na neno moja juu yake: linaendelea.

Rashidi alibaki pale pale. Mtoto wake alizaliwa, akakua, akaanza kumsahihisha baba yake Kiingereza. Wenzake aliowafundisha kazi waliondoka kwenda kwingine wakapanda vyeo. Yeye kila alipoomba kwingine aliulizwa swali lile lile, kama kuna uchunguzi wowote juu yake ambao haujafungwa, na kila mara alijibu ukweli, na kila mara hakuitwa tena. Mshindani wake hakuhitaji kumshinda. Ilitosha aje na jibu la hapana.

Vijana wanaponiuliza wafanyeje wafike kule, nawaambia mambo ya kawaida: someni hesabu, nunueni koti la kweli na si la mitumba ya Dar, msicheke kwenye kamati. Na nawaambia kwamba watakutana na watu wema sana watakaowaumiza kwa wema, na hakutakuwa na mtu wa kumkasirikia. Hilo la mwisho hawaliandiki.

Mwezi huu Rashidi amepata nafasi Dar es Salaam, kusimamia kitengo kizima, kazi iliyomfaa tangu zamani. Wanamtaka. Wanataka pia barua kwamba hana uchunguzi unaoendelea. Nikawaandikia wenye kabati. Wakanijibu haraka na kwa adabu: shauri linaweza kufungwa na mwathirika peke yake, na kumbukumbu zinaonyesha kwamba mwathirika alikataa kuwa mwathirika. Kama nimebadili mawazo, wameniambatishia fomu. Inaanza hivi: Mimi, niliyetendewa kosa, naomba shauri lifungwe.

Rashidi akapiga simu.

"Mtani, tia saini. Sema nilikuonea. Kwanza ni kweli, kuku alikuwa ghali."

"Nikisema ulinionea, shauri litafungwa na maneno hayo ndani."

"Lisipofungwa, kazi anapewa mwingine."

"Na likifungwa na maneno hayo, wale wa Dar wakayasoma?"

"Sijui," akasema.

Niliwauliza wenye kabati kama barua yao itataja kosa au itasema tu kwamba shauri limefungwa. Wamenijibu kwamba swali hilo litajibiwa baada ya kupokea saini. Watu wa Dar wamemshikia nafasi mpaka Ijumaa. Leo ni Jumatano, Zuhura ameshanipigia mara mbili bila kusema alichopigia, na sijasaini.